Barafu Iliyopanda Juu

Assalaam aleikum Waislamu wenzangu, na ninyi ndugu wa dini nyingine mliokaa nasi, amani iwe juu yenu. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniwezesha kuzipanda ngazi za ukumbi huu bila kushikwa mkono.

Mwenyekiti wa mkutano huu anisamehe. Aliponipa nafasi alidhani nitasimulia jinsi fundi wa brashi alivyojifunza kompyuta uzeeni. Hayo nitayagusa. Lakini nilichokuja kusema ni kingine, na humu ndani kuna mtu ambaye kazi yake inategemea nikiseme chote. Kwa hiyo mkiona naanza kuzungukazunguka, nikohoeni.

Wengi wenu hapa Kisenyi mnanijua kwa maandishi. Zaidi ya miaka thelathini nimeandika majina ya maduka, gereji na malori yenu kwa brashi. Jioni nilifundisha Kurani, watoto kwanza, baadaye na watu wazima. Kisha mkono wangu wa kulia ukaanza kutetemeka. Kwanza kidogo tu, asubuhi. Halafu kutwa. Herufi niliyokuwa naisimamisha kama nguzo ikawa na mawimbi. Mwenye gereji mmoja aliniambia kwa upole, "Hajji, hii gari sasa inasoma kama imelewa." Nilicheka naye, nikaenda kukaa nyuma ya lori nikafuta macho.

Nikaenda kwenye duka linalochapa mabango ya turubai. Kwenye kompyuta alikaa dada mmoja aliyekuja kutoka Kongo. Sitamtaja jina. Hakunijua, na sikuwa na cha kumpa. Nilimwomba anifundishe, akavuta kiti.

"Papa, usishike panya kama unakamata kuku," aliniambia siku ya kwanza, akiniita baba kama wanavyosema kwao. "Iko mpole. Haiumi."

Ndugu zangu, nawaambia, yule dada ana subira. Jambo moja alinieleza mara kumi, na mara ya kumi sauti yake ilikuwa ileile ya mara ya kwanza. Alinifundisha kwamba picha ndani ya kompyuta hukaa kwa matabaka, kama nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine. Alinionyesha jinsi ya kuliwekea neno kivuli, na jinsi ya kulifanya lionekane la mbao au la dhahabu. Na panya, mkono ukitetemeka, husubiri. Brashi haikuwa na huruma hiyo. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa nachora nyumbani kwenye kompyuta ya binti yangu, naweka kazi kwenye flashi, naileta dukani ichapwe. Watu wakaanza kuniita Hajji wa Kompyuta. Nililipenda jina hilo kuliko ilivyonifaa.

Basi ikaja kazi ya familia moja ya Kibuli. Mama yao alikuwa amefariki. Watoto wake walikubaliana kumtolea sadaka ya maji: wakaweka mashine ya maji baridi kwenye ukuta wa nje wa msikiti ulio karibu na kwao, ili mwanafunzi, mtu wa boda boda, mgeni aliyetoka kumwona mgonjwa hospitali, yeyote anywe, na thawabu zimwendee mama. Watoto hao nimewasomesha mimi. Waliniomba mambo mawili: niandike bango lenye jina la mama yao, na siku ya Ijumaa, baada ya sala, niombe dua ya kufungua.

Binti mkubwa alisema, "Maalim, tunataka jina la mama liwe la barafu. Mtu akilitazama tu, asikie baridi."

Nikamwambia, "Hilo dogo."

Halikuwa dogo. Lakini njia yake niliijua. Unaandika jina kwa rangi nyeupe juu ya weusi. Unailaza picha ubavuni. Kisha kuna kitu ndani ya programu kinachoitwa upepo. Upepo huo unapiga herufi na kuzivuta nyuzinyuzi upande mmoja, kama rangi mbichi iliyopitiwa na kitambaa. Ukiirudisha picha ikasimama, zile nyuzi zinakuwa vijiti vya barafu. Unaweka bluu, unapaka weupe juu, kazi imekwisha. Upepo una pande mbili za kuchagua, kulia au kushoto. Ukichagua upande mmoja, barafu inaning'inia kwenda chini. Ukichagua mwingine, inapanda.

Mimi nikachagua ipande.

Mtaniuliza kwa nini. Ndugu zangu, nimezaliwa Kampala na nitazikwa Kampala, Mungu akipenda. Barafu ninayoijua ni ya friza. Ukifungua kile kifuniko dukani, moshi mweupe unapanda, unakupiga usoni. Hiyo ndiyo baridi niliyoiona kwa macho yangu. Barafu ya kuning'inia kwenye paa la nyumba sijawahi kuiona. Nikavuta zile nyuzi kwenda juu, ndefu, zenye ncha, nikaridhika kwamba nimeandika baridi yenyewe. Halafu, ili ing'ae, nikaweka mwanga wa manjano kwa nyuma.

Alhamisi mchana nikapeleka flashi dukani. Yule dada akaifungua. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Papa," akasema, "hii ni barafu?"

"Ni nini kingine?"

"Miye naona moto. Kama moto ya jiko la gesi. Na hapa iko jina ya mtu."

Nikamwambia achape.

Akashika panya, kisha akasema tena, taratibu, "Papa, nipe dakika tano tu. Nageuza upepo, barafu inashuka chini, natoa hii manjano. Watu wasielewe vibaya."

Hapo ndipo nilipoanguka, ingawa hakuna aliyesikia kishindo. Nilimwambia, "Binti yangu, nimeandika herufi kabla hujazaliwa. Chapa."

Akachapa. Mashine ilikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na jina la yule mama likatoka mita nne kwa urefu. Akaniviringishia bango na kunirudishia flashi. Kisha akafuta kazi yangu kwenye kompyuta, kwa sababu mwenye duka hataki kazi za wateja zijaze mashine yake. Kumbukeni hilo. Pale dukani kazi haikubaki tena; ilikuwa kwenye flashi, mfukoni mwa kanzu yangu.

Ijumaa asubuhi vijana walilifunga bango juu ya ile mashine ya maji. Mimi nilikuwa ndani napanga mikeka. Niliposikia kimya nikatoka nje. Mnajua kimya cha watu wengi. Watu kama hamsini walisimama, na hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Walitazama juu.

Na mimi nikatazama. Ndugu zangu, kwenye kompyuta ya binti yangu lile jina lilitosha kwenye kiganja. Pale ukutani, jua likilipiga, nililiona kama walivyoliona wao. Jina la mama aliyekufa, Ijumaa, msikitini, limezungukwa na ndimi za moto.

Binti mkubwa alikuwa na glasi mkononi. Aliiweka chini. "Mama yangu mnamchoma?" akauliza. Hakupiga kelele. "Maalim, mama yangu mnamchoma?"

Sote tulioko hapa, wa dini hii na ile, tunajua mtu anapomwombea mzazi wake aliyetangulia anamwombea aepushwe na nini. Huyu binti alikuwa amefunga mwaka mzima wa maombi ndani ya lile bango.

Watu wakageuka, wakaniangalia. Na mimi, mwenye ndevu hizi mnazoziona, nikafungua mdomo nikasema, "Mimi sikuwapa hivi. Ni wale wa mashine ya kuchapa. Wameliharibu."

Lilitoka jepesi. Hata mate hayakunikauka.

Mtoto wa kiume wa marehemu akauliza, "Duka gani?" Kuna mtu akajibu kabla yangu. Mwingine akaongeza kwamba pale kompyuta inashikwa na mwanamke Mkongo, na si Mwislamu. Nikasikia mtu nyuma akisema, "Kumbe." Neno moja hilo tu, na mambo yakageuka. Bango baya likawa matusi ya makusudi. Boda boda nne ziliondoka pale msikitini kwenda Kisenyi, kila moja imebeba watu wawili.

Nikabaki nimesimama. Nikampigia simu yule dada, haikupokelewa. Nikapiga tena. Nikajiambia, watamsema kidogo, watarudi. Nikajiambia, sala iko karibu, nina dua ya kuongoza. Mtu akipewa nafasi ya kujidanganya ana maneno mengi. Nikaenda kutawadha. Nilipofika kwenye kusukutua mdomo, sikuweza. Maji yalikuwa mdomoni, na mdomo ndio uliosema yale. Nikayatema, nikatoka mbio na mikono imelowa, nikasimamisha boda boda.

"Hajji, unakimbia sala?" yule kijana akanitania.

"Endesha tu, mwanangu."

Njiani foleni. Kila gari lilisimama kama limepandwa pale. Niliwawaza wale wanaume wanane, na mwanamke mmoja nyuma ya meza.

Nilipofika, watu walikuwa wamejaa mlangoni. Hawakuwa wamempiga, alhamdulillahi. Lakini mwenye duka alikuwa amemtoa kwenye kiti. Alisimama ukutani, mkoba wake mikononi, amekwisha kufukuzwa kazi. Mtoto wa marehemu alikuwa anapiga meza: "Nani alikutuma? Nani alikutuma kumchoma mama yangu?"

"Sikutumwa, kaka," alisema. "Nilichapa ile ililetwa."

"Iliyoletwa iko wapi? Tuonyeshe!"

Naye hakuwa na cha kuonyesha, kwa sababu alikuwa amekwisha kuifuta.

Mwenye duka akaniona. "Hajji! Hajji, njoo useme. Wewe ulileta nini? Hawa watu yote wanataka kuvunja duka yangu!"

Yule dada akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na sitaki kutazamwa hivyo tena. Hakuniomba chochote. Alisubiri tu, kama alivyokuwa anasubiri nilipotafuta herufi kwenye kibodi.

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, na flashi ilikuwa mkononi. Ningeweza kuiacha pale pale. Nani angejua?

Nikaitoa. Nikasema, "Kaa kwenye kompyuta, mwanangu, ufungue hii." Nilikuwa namwambia yule kijana, mtoto wa marehemu, si yule dada. Akaichomeka. Likatokea jina la mama yake, ndimi zikapanda, na chini yake matabaka yote yakiwa yamepangwa kama nilivyoyapanga mimi. "Ni mimi," nikasema. "Nilidhani ndiyo barafu. Hakuna aliyebadilisha kitu. Nimesema uongo msikitini."

Yule kijana hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisimama akaniambia, "Maalim, Alfatiha nimefundishwa na wewe." Kisha akaongeza, "Dua ya mama ataisoma mwingine." Wakaondoka.

Ndugu zangu, ningependa ushuhuda huu uishie hapo. Mngenipigia makofi, nami ningekaa. Lakini nikohoeni sasa kama nitanyamaza, maana hili linalofuata halijawahi kusikika hadharani.

Wale wanaume walipoondoka, mwenye duka alimgeukia yule dada. Alikuwa bado na hasira, na mimi namwelewa, duka lake lilinusurika kwa chupuchupu. Akamwambia mbele ya wafanyakazi wote na wapita njia, "Sawa, Hajji alikosea. Yeye ni mzee. Lakini wewe una macho. Jina ya mtu iko ndani ya moto, na unachapa tu? Hukumwambia mteja?"

Dada akanitazama mara ya pili.

Na mimi nikanyamaza. Nilikuwa nimekwisha kukiri moja, nikaona linatosha. Nilijiambia nimeshaaibika vya kutosha kwa siku moja. Naye, kwa heshima aliyonipa tangu siku ya kwanza, hakusema, "Nilimwambia." Alisema, "Nisamehe, boss."

Akamrudisha kazini, lakini si kwenye kompyuta. Kompyuta akapewa mwingine. Dada akawekwa nyuma, kutoboa mabango na kuyapiga pete za chuma kwenye pembe, kwa sababu, alisema mwenye duka, mtu asiyeona kosa hawezi kukaa mbele ya wateja.

Nilikwenda kwa binti wa marehemu mara tatu. Mara mbili mlango haukufunguliwa. Mara ya tatu alifungua, akaniambia, "Maalim, bango tungelishusha tu. Lakini ulituacha tukamtukana mtu." Nikamwomba radhi, akanisamehe. Madarasa yangu yalisimama, kisha wachache wakarudi. Watu wakaanza kusema, mzee wa watu, kompyuta ilimchanganya. Nikawaacha waseme. Ilikuwa inanipendeza hiyo habari, ina huruma ndani yake. Lakini kila nilipopita lile duka nilisikia ile nyundo nyuma, ko, ko, ko, dada anapiga pete, nikawa nazunguka mtaa mwingine.

Mpaka siku moja, alasiri, katika darasa la watu wazima. Tulikuwa tunasoma mlango wa toba kitabuni. Nikaeleza kama nilivyoeleza miaka yote: uache dhambi, ujute, uazimie kutorudia. Mwanafunzi mmoja, dereva wa lori, mtu mkubwa mwenye sauti nzito, akainua mkono.

"Maalim, mimi niliharibu jina ya mtu kazini. Akapoteza nafasi. Nimemlilia Mungu sana. Si inatosha?"

Jibu nalijua. Nimelifundisha kabla yeye hajashika usukani. Haki ya mtu inarudishwa kwa mtu. Nililitafuta jibu hilo mdomoni, likanikwama. Dereva akasema, "Maalim, unaumwa?"

Nikamwambia, "Ndiyo." Nikafunga kitabu.

Nilitoka darasani nikaenda moja kwa moja kwa mwenye duka. Nikamweleza. Alinisikiliza huku anapanga karatasi, halafu akaziacha. Akasema, "Hajji, kwa nini unaniambia mimi peke yangu? Huyu dada nilimsema mbele ya watu. Kama ni kweli, sema mbele ya watu. Ndipo nitamrudisha, na wateja wajue sababu."

Nilikaa siku tisa na maneno hayo. Mara tatu nilimpigia mwenyekiti nimweleze ninachotaka kusema, na mara tatu nikamzungumzia mambo ya kompyuta. Ndiyo maana hata leo hajui nilichokuja kusema. Mwenyekiti, umeniona nilivyokuwa naloa jasho pale mlangoni, ukanipa maji. Ahsante.

Mwenye duka yuko hapa, amekaa nguzo ya pili. Mtoto wa marehemu yuko hapa na dada yake. Na upande wa kina mama, karibu na mlango, amekaa dada yetu wa Kongo. Nilimwomba aje, sikumwambia kwa nini. Alikuja hata hivyo.

Basi nasema. Alinionya. Si mara moja, mara mbili. Aliniambia anaona moto. Aliniambia kuna jina la mtu. Aliniomba dakika tano alitengeneze, nami nikamjibu kwa kiburi. Katika duka lile siku ile kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeona sawasawa, naye ndiye aliyeadhibiwa kwa kutoona.

Namshukuru binti mkubwa wa marehemu aliyenisamehe kabla sijamaliza kukiri. Namshukuru dereva kwa swali lake. Namshukuru mwenye duka kwa kukataa toba ya pembeni. Nawashukuru nyote mlionisikiliza bila kunikatiza, ingawa niliwapa ruhusa.

Kama mna la kubeba kwenda nalo nyumbani, ni hili. Mtu akikuambia kazi yako ina kasoro, usiangalie kwanza umri wake wala kabila lake wala dini yake. Angalia kazi. Na ukishakosa, usikiri nusu. Nusu uliyoificha kuna mtu mwingine anaibeba, na anaibeba kila siku anapokwenda kazini.

Mwenye duka amenyanyua mkono. Naam, ndugu yangu. Sema kwa sauti, nyuma wasikie.

Amesema Jumatatu. Jumatatu anarudi kwenye kiti chake.

Dada yangu, usilie. Au lia, ni haki yako. Nami Jumatatu nitakuja na flashi, nisimame kwenye foleni na wateja wengine, na utakaloniambia nibadilishe, nitabadilisha.

Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.